Naomba ushauri: umoja wa waliosoma shule ambayo haipo tena

Habari wakuu, na shikamooni wakubwa zangu.

Nilisoma Mazengo hapa Dodoma, ile iliyoitwa Alliance kabla ya kupewa jina la Mtemi Mazengo wa Wagogo. Tangu 2007 majengo yale ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kwa hiyo hatuna tena kidato cha kwanza wa kumrithisha chochote. Umoja wetu unapungua kila msiba. Juzi tumemzika mzee wetu wa enzi za Alliance, ndiye aliyekuwa akitutajia nani kasimama wapi kwenye picha za zamani. Nimeumia sana.

Nimepewa kazi ya kukusanya historia. Wenzangu wanataka tuanze na katiba, ada na usajili kwa Msajili wa Jumuiya. Mimi naona wazee wasikilizwe kwanza, hata kwa kurekodi na simu, wawe Kongwa, Mpwapwa au Manyoni.

Aliyewahi kufanya hivi, ulianza na maswali gani? Wasiopenda kurekodiwa uliwaendeaje? Na picha tuziombee nafasi maktaba ya chuo, au tuzipeleke Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa?

Naomba kuwasilisha.