Baba kulipia siasa za bintiye: sheria au ukomoaji?

Mleta mada: Julai 2023 polisi wa Hong Kong walitangaza zawadi ya dola milioni 1 za huko kwa kila mmoja wa wapinzani 8 walio uhamishoni. Ndugu zao wakaanza kuitwa kuhojiwa. Mwaka 2025 babake mmojawapo, Anna Kwok, akashtakiwa kwa kujaribu kutoa fedha za bima aliyomkatia binti huyo utotoni. Serikali inaandama pesa hapa, au inaandama damu?

Msema Kweli: Pesa. Sheria ya usalama ya Machi 2024 inakataza mtu yeyote kugusa mali ya mtoro aliyetajwa rasmi. Kifungo ni hadi miaka 7. Haikuandika baba wala shangazi. Ndugu wakisamehewa, kila mtoro atahamishia mali kwa mama yake.

Chechele: Hoja hiyo ingesimama kama pesa zingekuwa za wizi. Mali ya fisadi huzuiwa kwa kuwa inashukiwa ni zao la kosa. Bima hii ilikatwa na mzazi, miaka mingi kabla binti hajaingia kwenye siasa. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, ibara ya 7(2), unasema adhabu ni ya mkosaji mwenyewe tu. Hauifungi Hong Kong, najua, msinirukie.

Karani wa Zamani: Mnabishana vifungu, watu wanaumizwa na makaratasi. Bima, akaunti ya pamoja, hati ya nyumba yenye majina mawili: hapo ndipo pa kushikiwa. Majina hutenganishwa kabla mtu hajatangazwa. Akishatangazwa, hata kujaribu kufunga bima kunaweza kuwa shtaka. Belarus wamekaza kwingine: tangu Septemba 2023 balozi zao haziwapi raia walio nje pasipoti mpya, wala hazithibitishi hati ya uwakala ya kuuzia nyumba. Mzee aliyebaki nyumbani anakwama nayo.

Ndugu akiitwa, aombe wito wa maandishi, aulize kama ni shahidi au mshukiwa, aende na wakili. Aandike saa ya kuingia na ya kutoka, na majina ya maofisa. Maelezo ayasome ukurasa kwa ukurasa kabla ya kusaini, na nafasi tupu chini ya mstari wa mwisho aikate kwa kalamu. Simu ikichukuliwa, adai orodha iliyosainiwa. Wengi huharibu usiku uleule: wanampigia aliye nje na kumsimulia yote, wakati huenda laini inasikilizwa.

Msema Kweli: Mnafundisha kukwepa.

Karani wa Zamani: Kuomba wito wa maandishi ni kukwepa nini?

Chechele: Msema Kweli, umeniachia swali. Kama ni pesa, wale ndugu wa 2023 waliitwa kwa mali gani? Sheria yako ya 2024 ilikuwa haijapitishwa.

Msema Kweli: Ipo ya 2020, inakataza kufadhili. Waliulizwa kama wanawatumia fedha.

Chechele: Wakahojiwa, wakaachiwa bila shtaka, na majirani wakiwa wameshaona gari la polisi mlangoni.