Mliotibiwa moyo mkarudi kwenye mazoezi, tupeane uzoefu (hasa wa Mwanza)

Mkazi_wa_Isamilo:
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nilibadilishiwa valvu (mlango wa moyo) Dar, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kidonda kimefunga, na juzi kliniki nimeambiwa nianze mazoezi mepesi. Mepesi! Anayekaa Isamilo anaelewa: ukitoka getini ama unashuka ama unapanda, tambarare hakuna. Nyumbani nako mama mkwe kashikilia kwamba mtu aliyepasuliwa kifua hashiki hata ufagio. Mliopita njia hii, mlianzaje? Mlijuaje kwamba hapa panatosha na hapa nimezidisha? Wale wa maji ya limao na kitunguu saumu, naomba uzi huu uwapite.

Mzee_wa_Mwaloni:
Marhaba, na pole kwa mkasa. Mimi mshipa wa moyo uliziba, nikawekewa stenti, kile kibomba cha kuushikilia mshipa ubaki wazi. Usianzie mlimani. Nilikuwa nashuka mjini alfajiri, kabla jua halijawa kali, nafuata barabara ya chini inayopita jiwe la Bismarck kuelekea Capri Point. Pale unatembea na upepo wa ziwa, na ukichoka mawe ya kukalia yamejaa.

Hizi saa za mkononi za kuhesabu mapigo usizitegemee sana. Ukiwa unameza vidonge kama bisoprololi au atenololi, dawa yenyewe inayazuia mapigo yasipande. Saa itakwambia uko sawa wakati mwili umeshachoka. Kipimo changu ni mdomo. Natembea huku nikitaja vituo: Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi. Nikivitaja vyote bila kuhema katikati, mwendo ni huo huo. Pumzi ikikatikia Mkuyuni, napunguza. Nikiona naweza hata kuimba, najua nazembea.

Mama_K_Nyakato:
Wangu ulikuwa moyo kupanuka baada ya kujifungua. Nilianzia uani, kuzunguka nyumba tu, mpaka kuku wakanizoea. Kabla ya kutoka napanda mzani asubuhi, nikishakwenda haja na kabla ya chai. Uzito ukiruka kilo 2 ndani ya siku tatu, au miguu ikivimba, hakuna mazoezi siku hiyo. Ni maji yanajaa mwilini, napiga simu kliniki.

Ila wakuu, shida kubwa ilikuwa mtaa! Mwanamke akitembea bila safari, boda wanapiga honi "mama twende?", majirani wanauliza unamtafuta nani. Nikaanza kubeba kapu. Honi zikapungua. Sasa naulizwa mbona kila siku narudi na kapu tupu.

Dogo_wa_Igoma:
Mama K umenivunja mbavu 😂

Mimi ni mwenzako, mkuu wa Isamilo. Valvu ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, nikawekewa ya chuma. Sindano ya penisilini kila wiki 4 sikosi, ili homa ile isirudi, na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni. Nilipotibiwa (hospitali siitaji) waliniambia tu "usifanye mazoezi makali", basi, faili likafungwa. Makali ndiyo yapi? Ilibidi nikaulize kwingine. Kumbe kutembea na baiskeli ya taratibu ruksa, lakini mpira wa kupigana viatu hapana, kwa sababu ukiwa kwenye warfarini pigo dogo linavujisha damu kweli kweli, na la kichwani ndilo baya zaidi. Siku hizi Jumamosi nashika kipenga, wenzangu wanacheza.

Na zile jogging za mtaani zenye nyimbo, ziache kwanza. Kule mwendo anaupanga anayeongoza wimbo. Utaona aibu kubaki nyuma.

Mkazi_wa_Isamilo:
Asanteni sana. Na mfupa wa kifua? Nikikohoa bado nausikia.

Nesi_Mstaafu:
Mwanangu, huo mfupa huchukua kama wiki 6 hadi 12 kushikana. Kabla ya hapo usinyanyue kitu cha zaidi ya kilo 5, usivute wala kusukuma kizito, na kuogelea ziwani sahau. Ukikohoa kumbatia mto. Ukisikia mfupa unagonga au kucheza, rudi kwa waliokupasua. Mama mkwe kwenye ndoo ana haki, kwenye ufagio anazidisha.

Dakika za mwanzo tembea pole, na za mwisho vilevile, usikatize ghafla. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, au mapigo yakiruka ovyo, kaa chini hapo hapo. Isipotulia, hospitali, usisubiri kesho. Zile dakika 150 kwa wiki unazosikia ni za kufikia polepole, hakuna anayezidai mwezi wa kwanza. Kliniki omba pia uonane na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi). Wengi hawaombi, na usipoomba unaweza usipelekwe.

Mzee_wa_Mwaloni:
Nilisahau habari ya kilima. Shuka kwa miguu, rudi na boda. Mwili ukizoea, unamwambia akushushe nusu ya mlima, unamalizia mwenyewe.

Nesi_Mstaafu:
Mzee, boda hapana, si kwa mwenye mfupa mbichi. Hizo njia za mawe za Isamilo zinatikisa mpaka meno. Apande bajaji, na amwambie dereva aende taratibu.