Naomba ushauri: vifungio vya juu au vya chini kwenye skii?

Wadau, hamjambo. Mimi ni wa hapa Nairobi, theluji nimeiona kwa mbali tu, kileleni mwa Mlima Kenya asubuhi ikiwa safi. Januari naenda Austria kwa dadangu, na shemeji ameniwekea skii zake za zamani, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Shida ni vifungio vinavyoshika buti kwenye skii. Vimekalia bamba nene, ni kama kuvaa viatu vya mchuchumio.

Najua faida: ukiinuka, mguu unapata nguvu ya wenzo, skii inalala ubavu upesi na ukingo wa chuma unauma barafu. Ndiyo maana kwenye mashindano sheria inabana: kimo cha skii, bamba na kifungio kwa pamoja kisizidi milimita 50. Lakini mimi si Sabrina Simader, yule Mkenya wa mashindano ya skii! Kosa dogo la mguu nalo linakuzwa, na goti ndilo hulipa.

Kuinuka nakujua: nilipoweka magurudumu makubwa kwenye viatu vyangu vya kuteleza, niliikumbatia lami ya Sunken Car Park hapa jijini wiki nzima.

Je, fundi atoe bamba, au nijifunze nalo hivyo hivyo? Na kwenye ubao wa theluji, kwa mguu wa saizi 45 unaotokeza nje ya ubao na kukwaruza theluji, kiinuo kidogo chini ya kifungio kitanifaa? Aliyejaribu vyote viwili anijuze.