Kitabu cha watoto cha theluji, picha zote kachora kompyuta: nimsomee binti au nikiweke kabatini?

Mama wa Ipagala
Habari zenu wadau. Naomba ushauri kwa wenye watoto wadogo na hasa waliowahi kuishi kwenye baridi ya kweli, siyo hii yetu ya mwezi wa saba.

Mdogo wangu yuko Uswidi, kamtumia binti yangu wa miaka sita kitabu cha picha. Hadithi ni ya mtoto ambaye mzula wake umepeperushwa na upepo usiku wa theluji, anatoka kuutafuta, njiani anakutana na wanyama kila mmoja anasema kauona umepita. Maneno machache, ni kiingereza, mi namsomea kwa kiswahili. Picha zinavutia jamani, zinang'aa kama pipi. Ila nyuma wameandika wazi kwamba picha zote zimetengenezwa na akili mnemba.

Shida imeanzia kwa binti. Ukurasa wa kwanza yule mtoto ana pengo la mbele, na binti yangu naye sasa hivi ana pengo, basi akafurahi mpaka akaenda kumwonyesha bibi yake. Kufika ukurasa wa tatu pengo hakuna, skafu ilikuwa nyekundu imekuwa ya njano, na uso kama wa mtoto mwingine. Akaniambia mama huyu siyo yule. Nikamwambia ni yule yule, akakataa, akaniuliza sasa yule wa pengo kaenda wapi, na hii ni siku ya pili bado anaulizia, jana kalala analia anasema yule mtoto amepotea kwenye baridi na hakuna anayemtafuta.

Afu kuna theluji ya zambarau. Kuna dubu mweupe anakunywa chai na pengwini. Kuna tembo kasimama katikati ya ziwa lililoganda, hapo binti akashika mdomo kwa mikono miwili, maana bibi alishamsimulia ile ya jina la mji wetu wa Dodoma, tembo kuja kunywa maji akazama kwenye tope watu wakasema Idodomya, kwa hiyo anajua kabisa tembo wanazama.

Mimi nimezaliwa Mpwapwa, theluji sijaigusa. Nilichoshika ni mvua ya mawe, na ile ya Kilimanjaro nimeiona dirishani kwenye basi kwa mbali. Kwa hiyo siwezi kujua kipi wameweka makusudi ili kuchangamsha watoto na kipi kompyuta imekosea. Mtoto wa kule akiona kitu cha ajabu atacheka kwa sababu theluji anaijua, wangu anakiweka kichwani kama ndo ilivyo. Niendelee kumsomea?

Baba Wawili
Msomee dada. Sisi tumekua na sungura anayemdanganya fisi, na hakuna mzazi aliyesimamisha hadithi kusema sungura haongei. Wangu nimewasomea vitabu vya mazimwi wamekua vizuri tu. Dubu kunywa chai na pengwini hapo sioni tatizo, tatizo ni ukimwambia mtoto chunga kila kitu anaacha kufurahia. Ila la pengo nakuunga mkono, hilo si la kuchangamsha, mtoto kashampenda mtu halafu mtu kabadilishwa.

Mtu wa Kondoa, Winnipeg
Dada pole na hongera kwa kumsomea. Mimi niko Kanada mwaka wa tisa, huku Januari nyuzi joto 20 chini ya sifuri ni kawaida na kuna siku inapita hapo. Nakujibu moja moja kwa nilivyoviona kwa macho.

Theluji ya zambarau ipo. Nilishangaa mwanzoni kama wewe. Theluji yenyewe haina rangi, ni vipande vya barafu vinavyopitisha mwanga, tunaona nyeupe kwa sababu mwanga unagongagonga humo ndani unatoka kila upande. Sasa jua likishazama, ule mwanga wa anga unaobaki unaifanya iwe bluu, na upande wa mawingu ya machweo inakuwa zambarau kabisa. Mke wangu alipofika mara ya kwanza alisimama dirishani akaniita nije nione. Kama picha ni ya jioni, mwambie binti hiyo ni kweli.

Tembo juu ya ziwa, hilo ni la hadithi, ila ziwa kuganda ni kweli na watu wanatembea juu. Wanapima kwanza, barafu safi ya sentimita 10 ndo mtu apite, gari linataka kama 30. Binti yako ameogopa kitu cha kuogopwa, usimkatalie.

Dubu mweupe yuko kaskazini kabisa mwa dunia, huku Kanada wapo, pengwini wako kusini na hawakutani porini hata siku moja. Wanywe chai lakini ajue mmoja kasafiri mbali sana.

Sasa naomba uangalie kitu ambacho hukukitaja. Zile chembe za theluji zinazoanguka, wamezichora kama nyota eti? Hesabu mikono yake.

Mama wa Ipagala
Nimeenda kuhesabu. Jalada ina nane. Ndani kuna yenye mitano na nyingine saba. Mbona hizo ndo niliona zimetulia kuliko picha zote?

Mtu wa Kondoa, Winnipeg
Ndo hapo sasa. Theluji ni sita, kwa sababu maji yakiganda chembe zake zinashikana kwa pembe sita, kama sega la asali. Binti akiona sega la asali ya Manyoni pale sokoni mwonyeshe vile vyumba, aweke kidole kwenye pembe ahesabu, kisha arudi kwenye kitabu. Huwa zinavunjika au zinashikana na kuwa vidonge, na mara chache mbili zinapandana zinatoa mikono 12, ila mitano au minane hutaipata. Kulikuwa na mkulima wa Vermont kule Marekani anaitwa Wilson Bentley, mwaka 1885 alifunga kamera na hadubini akapiga picha ya chembe moja ya theluji, akaendelea mpaka kufa kwake, picha zaidi ya 5,000. Mkulima tu wa kijijini. Mimi nikivaa koti jeusi zikatua kwenye mkono nasimama barabarani naziangalia kabla hazijayeyuka, na kila nikiangalia namshukuru Mungu. Kwa hiyo kitabu kimepatia ile ya ajabu ya zambarau na kimekosea ile ndogo ambayo ndo nzuri kuliko zote. Hilo mimi limeniuma.

Mchoraji Area C
Naomba niingie hapo kwenye pengo maana ni kazi yangu, nachorea vitabu vya watoto.

Zile programu zimefundishwa kwa mamilioni ya picha zenye maelezo. Ukiagiza picha inaanza na chenga tupu, kama TV ya zamani isiyoshika stesheni, halafu inaondoa chenga kidogo kidogo mpaka kitu kinatokea kinachofanana na maneno uliyoandika. Haihesabu mikono ya theluji, inajua tu kwamba theluji ina ncha ncha. Na ukiagiza picha ya pili inaanza upya na chenga nyingine, yule mtoto wa kwanza haimkumbuki. Zipo njia za kuilazimisha ishike sura moja, ila zinataka mtu akae arudie na akague ukurasa kwa ukurasa, na hapa ni wazi hakuna aliyekaa.

Mimi kabla ya kuchora hadithi namchora mhusika peke yake, mbele, ubavu, mgongo, akicheka, akilia, namuandikia pembeni pengo liko jino lipi, skafu ina mistari mingapi, nabandika ukutani. Kitabu cha kurasa 32 kinanichukua miezi, na katika miezi hiyo yule mtoto nakuwa namjua kama wa kwangu. Simlaumu mwandishi wa hicho kitabu, labda hakuwa na hela ya kumlipa mchoraji na alitaka hadithi yake itoke, na ameandika ukweli nyuma ya jalada, wengi hawaandiki. Ila binti yako ana miaka sita kaona kitu ambacho watu wazima wamekipitisha mpaka kikachapwa. Usimwambie tena ni yule yule. Macho yake yako sawa.

Mpe penseli aweke pengo mwenyewe.

Mwalimu mstaafu, Kongwa
Mama, kitabu kisiende kabatini. Mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, watoto wanashika zaidi wakikuta kosa. Mwelezee pia kwa nini kule ni baridi wakati wa Krismasi na sisi huku jua linachoma tunasubiri mvua za kupandia, dunia imelala upande kidogo, Desemba kaskazini inakuwa imeegemea nje ya jua. Chukua chungwa na tochi usiku umwonyeshe. Na theluji mtengenezee, kwangua barafu ya friza kwa kikwangulio, ashike.

Baba Wawili
Shikamoo mwalimu. Hii ya kikwangulio naifanya leo.

Mama wa Ipagala
Marahaba za mwalimu nami nazitafuta, shikamoo. Asanteni wote kwa kweli, nimesoma hapa nikiwa na binti pembeni.

Jana tumekwangua barafu sahani nzima, kaionja akasema haina ubuyu. Kaishika mpaka vidole vikauma ndo akaelewa kwa nini yule mtoto anautaka mzula wake. Pengo ameliweka kurasa zote kwa penseli nyeusi, na skafu kapaka nyekundu juu ya ile njano, imetoka rangi ya machungwa lakini karidhika, kaniambia sasa amerudi. Theluji amezihesabu zote, za sita amekuta tatu tu kitabu kizima, kaziwekea alama ya vema.

Tembo bado. Kachora kamba kutoka kwenye mguu mpaka kwenye mti ulioko pembeni ya ziwa, barafu ikipasuka watu wamvute. Ndugu wa Winnipeg, anauliza mti wa huko kwenye baridi una mizizi imara kama mbuyu?