Mrejesho: binti yetu amepata jina

Ndugu zangu, nilipowaomba ushauri wa jina la mtoto litakalofaa pande zote mbili, nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mume wangu Mwingereza, mimi Mwarabu wa Oman mwenye asili ya Unguja, na kila jina lilikwama upande mmoja. Nawashukuruni sana.

Poppy, alilolipenda mama mkwe, liliondoka mapema. Kiarabu hakina "p", mama yangu akawa anasema "Bobi". Khadija nalo likawa "Kadija" kwa mama mkwe, na aliumia kila akikosea. Nilimkuta jikoni anakoroga chai huku analirudia peke yake, polepole.

Wengi mlisema Hana. Kwa Kiarabu ni raha, kwa Kiingereza ni Hannah wa Biblia. Mume wangu alishakubali. Nikampigia bibi Muscat, ambaye mpaka leo Kiswahili ndicho anachozungumza nyumbani. Akanyamaza, kisha akauliza: "Hana nini, mjukuu wangu?" Nililia. Sikuweza kumwita mwanangu kwa neno la kukosa.

Tumemwita Nora. Ni jina la mama yake babu wa mume wangu. Kwa Kiarabu tunaandika نورة, na bibi analisikia nuru. Uingereza mtoto husajiliwa ndani ya siku 42, sisi tulikwenda ya 39!

Aliyenishauri nianze na majina ya wazee wa mume, Mungu akubariki. Jana mama zetu wawili walimwita pamoja kwenye simu ya video, akageuza kichwa.