Msaada: Hilux 3L inagonga na kutoa moshi mweupe asubuhi, nataka kupima nozeli mwenyewe nyumbani

Viazi_Njombe

Wakuu, heshima kwenu. Niko Njombe, nina Hilux ya injini 3L. Kazi yake ni kutoa viazi shambani mpaka barabarani, kwa hiyo ikilala gari, na mzigo umelala.

Tangu masika yaishe imebadilika. Asubuhi na baridi ya huku, stata inazunguka mpaka naionea huruma betri. Ikiwaka inatetemeka, moshi mweupe unachoma macho, na kuna mgongo, yaani mlio mkali wa kugonga, kama mtu anapiga nyundo kwenye chuma. Ikipata moto moshi mweupe unaisha, lakini kwenye mlima inatoa moshi mweusi na nguvu hakuna. Hita plagi zote nne nimezipima, zinafanya kazi.

Mwezi uliopita nilipeleka nozeli, vile virusha dizeli kwenye silinda, kwa fundi mmoja. Nikalipa, zikarudi zimepulizwa rangi ya silva, zinang'aa. Nimefunga, mgongo ule ule. Nilipomuuliza zinafungua kwa presha gani hakunipa namba yoyote. Hilo ndilo limeniuma, maana hela ile ilikuwa ya mbolea.

Sasa nimenunua testa ya mkono, pampu ya kupimia nozeli, yenye geji ya bar 400. Bado iko kwenye boksi. Nina jiriwa, soketi ndefu ya 27 na meza safi. Nianzie wapi, na presha sahihi ya 3L ni ngapi?

Dereva_Mstaafu

Pole sana kijana. Sisi enzi zetu hatukuwa na hiyo mashine. Unatoa nozeli, unaifunga kwenye paipu yake ikiwa nje ya injini, mwenzio anapiga stata, wewe unaangalia inavyorusha. Ikirusha kama ukungu ni nzima, ikikojoa imekufa.

FundiPampu_Mbeya

Shikamoo mzee wangu. Naomba nikupinge kwa heshima, na wengine msome hapa kwanza kabla ya kitu chochote.

Njia hiyo bado inafanyika gereji nyingi na imeharibu vidole vya watu. Dizeli inayotoka kwenye nozeli inapenya ngozi kama sindano ya hospitali. Unaona kidoa kidogo tu, pengine hakiumi, unakipangusa na kuendelea na kazi. Ndani ya saa chache mkono unavimba, nyama inaanza kufa. Ikikupata, usisubiri ivimbe. Nenda hospitali saa hiyo hiyo na useme wazi kwamba umedungwa na dizeli yenye presha, maana ukisema "nimejikata kidogo" watakufunga bandeji na kukurudisha nyumbani.

Pili, ule ukungu unashika moto kirahisi na si wa kuvuta puani. Hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa karibu. Vaa miwani, fanyia mahali penye hewa, na ncha ya nozeli ielekee ndani ya chombo, kamwe isielekee mkononi.

Na tatu, ile njia ya stata haikupi namba. Utaona ukungu, hutajua nozeli imefunguka kwa bar 150 au 110.

Mkuu Viazi, usifungue boksi bado. Kwanza tujue ni silinda ipi. Washa injini, iache sailensa bila kukanyaga mafuta. Legeza nati ya paipu ya presha kwenye nozeli ya kwanza, nusu mzunguko tu, ukiwa umeizungushia kitambaa na uso ukiwa mbali. Sikiliza. Kaza, nenda ya pili, hivyo hivyo mpaka ya nne. Ukilegeza na injini isibadilike kabisa, silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi. Ukilegeza na mgongo ukanyamaza, umempata mwenye kelele.

Kisha hamisha nozeli hiyo kwenye silinda nyingine. Mgongo ukihama nayo, ni nozeli. Ukibaki palepale, acha nozeli, pima kompresheni, yaani presha ya hewa ndani ya silinda. Kwa 3L nzima inacheza kwenye bar 30 na kitu, ikishuka chini ya 20 hata ufunge nozeli mpya za dukani utateseka bure.

Mama_Trekta

Nathibitisha alilosema fundi. Mimi nalima na Massey Ferguson 240, ile yenye Perkins ya silinda tatu. Kijana wetu alikuwa anatafuta paipu inayovuja kwa kupapasa na kidole. Alisema amehisi kama ameumwa na siafu. Jioni alikula vizuri, usiku hakulala, asubuhi kidole kimekuwa cheusi. Alifanyiwa upasuaji, na kipande cha juu cha kidole hakipo leo. Tangu siku ile kwangu uvujaji unatafutwa kwa kipande cha kadibodi, basi.

Swali langu: hizo za trekta yangu na za Hilux zinarekebishwa sawa?

FundiPampu_Mbeya

Hapana mama. Za Perkins yako nyingi zina skrubu juu chini ya kofia: unalegeza nati ya kufungia, unazungusha skrubu huku unapampu, presha inapanda au kushuka. Na presha yake ni ya juu kuliko ya Hilux, kwa sababu injini yako inarusha dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Soma herufi zilizochongwa kwenye mwili wa nozeli, ndizo zitakupa kipimo chake. Usitumie namba nitakazotaja kwa 3L.

Viazi_Njombe

Nimefanya, wakuu. Ya kwanza nilipolegeza injini ilishuka. Ya pili nilipolegeza, mgongo ulinyamaza palepale, nikabaki nimesimama na spana mkononi siamini. Ya tatu na ya nne zilishuka kawaida. Nikabadilishana ya 2 na ya 4. Mgongo umehamia ya 4.

FundiPampu_Mbeya

Safi sana. Sasa fungua boksi.

Usafi ndio kazi yenyewe hapa. Kati ya sindano na kichwa chake kuna nafasi ya sehemu chache tu za elfu moja za milimita, vumbi la barabara ya Njombe ni gogo mbele yake. Kabla hujatoa nozeli osha hedi yote, puliza, na ukishatoa ziba matundu na paipu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Panga nozeli kwa namba za silinda.

Funga nozeli kwenye testa, pampu upesi mara kadhaa geji ikiwa imefungwa, ili hewa na masizi vitoke. Halafu fungua geji, shusha mkono polepole. Sindano ya geji itapanda, itasimama, kisha itaanguka ghafla. Pale ilipoanza kuanguka ndipo nozeli inapofunguka. Kwa 3L nozeli iliyotumika tunataka 145 hadi 155, mpya 151 hadi 159. Na zote nne zikaribiane. Injini yenye nne za 146 inatulia kuliko yenye tatu za 155 na moja ya 135.

Kisha uvujaji: shikilia presha 10 hadi 20 chini ya pale inapofunguka, hesabu sekunde 10. Ncha isitoe hata tone.

Mwisho sikiliza. Nozeli nzima ukiipampu inalia krrr, krrr, mkononi unahisi inatetemeka, na inatoa ukungu mwembamba ulionyooka. Inayokojoa mstari, inayorusha pembeni au iliyo kimya inahitaji kufunguliwa.

Kijana_D4D

Fundi, mimi nina Hilux ya komoni reli, 2KD. Nami ninunue testa kama hiyo?

FundiPampu_Mbeya

Usinunue. Mfumo wako unafika presha ya bar 1,500 na zaidi, nozeli zinafunguliwa kwa umeme, na kila moja ina kodi yake, yaani namba, inayoingizwa kwenye kompyuta ya gari. Testa ya mkono haiwezi kukuambia ukweli wake. Na usilegeze paipu injini ikiwa inawaka, ndugu yangu. Hayo ninayosema kwa 3L kwako ni hatari ya kifo.

Viazi_Njombe

Majibu haya hapa, kwa namba za silinda za mwanzo kabla sijabadilishana ya 2 na ya 4. Nimepima kila moja mara tatu.

Silinda ya 1: 138, ukungu mzuri, haidondoshi.
Silinda ya 2: 96, haikulia, inakojoa. Kwenye uvujaji sikufika hata sekunde 3, ncha ililowa na tone likaanguka.
Silinda ya 3: 141, nzuri.
Silinda ya 4: 136, inalia lakini ukungu umeinama kidogo kushoto.

Yaani zile nilizolipia kusevisiwa. Rangi mpya juu, ndani hazikuguswa.

FundiPampu_Mbeya

Pole, mkuu. Fungua ya 2 na ya 4, moja moja, usichanganye vyombo. Sindano na kichwa chake vimesagwa pamoja kiwandani. Ukivibadilishana umeua vyote viwili. Loweka kwenye dizeli safi, masizi ya nje yatoe kwa brashi ya shaba, ya ndani kwa kijiti. Msasa na brashi ya chuma viweke mbali kabisa.

Halafu fanya jaribio hili, mimi nalipenda kuliko yote. Chovya kichwa na sindano kwenye dizeli safi, kiinamishe kiasi cha nyuzi 60, vuta sindano nje theluthi moja, achia. Inatakiwa izame yenyewe kwa uzito wake, taratibu, bila kukwama. Izungushe kidogo, rudia. Ikikwama popote, osha tena. Ikikwama tena, imekwisha.

Viazi_Njombe

Ya 4 baada ya kulowekwa usiku kucha imezama vizuri kila upande. Ya 2 inafika nusu, inasimama. Nimeitazama kwa lenzi juani: sindano ina mstari wa kahawia, kutu, na kwenye koni yake kuna vidoti vidogo vidogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

FundiPampu_Mbeya

Hayo ni maji. Hiyo ncha, yaani sindano na kichwa chake, haisafishiki, nunua mpya. Ukifunga, usikubali presha itakayojitokeza yenyewe; rekebisha kwa shimu, kile kijisahani kinachokaa juu ya springi. Kinauzwa kwa unene unaopishana milimita 0.025, na kila 0.025 unayoongeza inapandisha presha kama 3.5. Tumia shimu moja tu. Nimekuta watu wamepanga mbili, wengine wamekata kopo la soda.

Lakini nataka kujua maji yametoka wapi. Filta yako ina kikombe cha kukusanya maji chini, ulikifungua lini mara ya mwisho? Na dizeli unanunua wapi? Kabla EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haijaanza kuweka vinasaba (alama za kutambua uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010, kazi yangu kubwa ilikuwa pampu zilizouawa na dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Pampu ya 3L inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine. Siku hizi ninachokiona zaidi ni dizeli ya madumu, inayokaa nje kwenye mvua na jua.

Viazi_Njombe

Ni kweli fundi. Msimu wa mvua barabara ilikatika, tulikuwa tunanunua dizeli ya madumu kijijini. Kikombe cha filta sijawahi kukifungua tangu ninunue gari. Nimekifungua sasa hivi: maji karibu nusu glasi, na chini tope jekundu.

Dereva_Mstaafu

Basi tanki nalo lishushwe. Na mimi nimesoma yote, fundi. Ile njia yangu siwafundishi tena vijana.

Viazi_Njombe

Wakuu, mrejesho baada ya siku sita.

Tanki limeshuka, limeoshwa, filta mpya. Ncha mpya ya silinda ya 2 ilifungua kwa 128. Nikapima shimu yake kwa maikromita ya kuazima: 1.250. Nilihitaji kupanda kama 22, nikapiga hesabu ya fundi, nikaweka 1.400. Nikafunga, nikapampu: 149. Nilirudia mara tano, 149, na inalia krrr kama alivyosema. Sekunde 10, ncha kavu. Ya 1, ya 3 na ya 4 nimezipandisha kwa njia hiyo hiyo, sasa ni 148, 148 na 147. Ukungu wa 4 umenyooka.

Washa, vile vijisahani vya kuzibia chini ya nozeli, zote nimeweka mpya, zile za zamani zilikuwa zimebonyea. Nozeli nimezikaza kwenye hedi kwa spana ya kupimia, Nm 64. Nikatoa hewa kwa pampu ya mkono ya filta, nikalegeza nati za paipu, stata mpaka dizeli ikatema, nikakaza.

Leo saa kumi na mbili asubuhi majani yalikuwa na sakitu. Nimewasha hita, nikahesabu mpaka taa izime, stata mara moja, ikashika. Moshi mwepesi kwa kama nusu dakika, ukaisha. Mgongo hakuna. Mke wangu katoka jikoni akauliza gari la nani limekuja.

Nimepakia magunia ishirini, nashuka Makambako sasa hivi. Fundi, zile nati za paipu nizirudie kukaza lini?

FundiPampu_Mbeya

Hongera sana mkuu. Ukifika Makambako zima, iache ipoe, zipapase kwa kadibodi kavu injini ikiwa inawaka tena. Palipolowa, zima kwanza ndipo ukaze. Na kikombe cha maji kifungue kila Jumamosi mpaka kitoe dizeli tupu.