Moto wa mabati Mukuru: dakika kumi za kwanza ni zetu wenyewe, tuzitumie vipi?

KatibuWaPloti

Wadau, naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii. Tuko Mukuru, Nairobi, ploti tano zilizoungana, nyumba 64 za mabati, nyingi futi kumi kwa kumi. Njia ya kuingia ni moja, na mtu mzima akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Gari la zima moto likija litasimama barabarani, kama mita 180 kutoka nyumba ya mwisho. Kuna kioski kimoja cha maji chenye tangi la lita 10,000, lakini hufungwa saa mbili usiku. Stima ni ile ya sambaza, yaani ya kuunganishiwa kienyeji na mtu wa mtaani.

Kila nyumba huchanga shilingi 50 kwa wiki, na tumekubaliana michango ya wiki 12 yote iende kwenye mambo ya moto. Hiyo ni shilingi 38,400. Wazee wamegawanyika. Wengine wanataka pesa zote zinunue mitungi ya kuzimia moto, wengine wanasema ni kuzitupa. Naomba kujua tuanze kununua nini, nani afanye nini dakika kumi za kwanza, na hili la kubomoa nyumba ili kuukata moto: tubomoe ngapi, wapi, na nani mwenye kauli?

BombaRefu

Katibu, heko kwa kuuliza kabla ya moto.

Msimalize pesa kwenye mitungi. Mtungi wa poda wa kilo 6 ukiubonyeza unaisha kwa sekunde 15 hadi 20. Unafaa moto ukiwa bado kwenye kona ya chumba: stovu imeanguka, pazia limeshika, godoro limeanza. Miali ikishatoka juu ya paa, poda haifanyi kitu. Nunueni miwili, basi. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuifungia nyumbani kwa mwenyekiti. Iweke penye mtu macho usiku kucha: kwa mlinzi, au duka la mwisho kufungwa. Kila mwezi angalieni mshale uko kwenye kijani, kisha mpindue mtungi na kuutikisa, maana poda hushikana chini ikikaa sana.

Pesa zilizobaki zinunue vyombo vya mikono: mitaimbo minne, misumeno miwili, nyundo za kung'olea misumari, kamba mbili nene za mita 10 zenye kulabu ya nondo ya milimita 12, mkasi mkubwa wa kukata kufuli, glavu za ngozi jozi sita na firimbi moja kwa kila safu ya nyumba. Ongezeni drumu mbili za lita 200, moja ya maji na moja ya mchanga mkavu. Mchanga ni wa mafuta taa. Ukimwagia mafuta yanayowaka maji, yanaelea juu na kupeleka moto mlango wa pili.

Maji mnayo kuliko mnavyodhani. Kila nyumba ikilala na mtungi mmoja wa lita 20 uliojaa karibu na mlango, hizo ni lita 1,280 ndani ya safu zenu, na hazihitaji mwenye kioski aamshwe. Ufunguo wa kioski nao uwe na watu wawili.

Wengi humwaga maji mahali pasipofaa. Mnarusha ndoo nzima juu ya mabati ya jirani, yanatiririka chini na kwisha. Mabati hayawaki. Yanapitisha joto, na kinachoshika ni kartoni, nailoni na kitambaa vilivyopigiliwa upande wa ndani, hata kabla mwali haujagusa ukuta. Kwa hiyo ingia nyumba inayofuata ungali na nafasi ya kutoka, vuta kartoni na mapazia ya ukuta ulio upande wa moto, halafu lowesha mbao kwa ndani. Tumieni sufuria au nusu ndoo. Ndoo iliyojaa humchosha mtu baada ya mizunguko mitano.

Kugawana kazi: watu wawili kila safu wa kugonga milango na kutoa watu, mmoja wa stima, wawili wa simu na barabara, wengine wote mstari wa maji au kikosi cha kubomoa. Piga 999 au 112. Ukipiga, taja mahali gari litakapoingilia, si jina la ploti ambalo dereva halijui. Kisha wanabodaboda wawili wakalisubiri barabarani na kuliongoza.

Jambo lingine linalouma: gari la lita 4,000 likitumia bomba moja la lita 400 kwa dakika linaishiwa kwa dakika 10. Hapo ndipo watu hupandwa na hasira na kuwarushia wazima moto mawe wakidhani wamekuja mikono mitupu. Waambieni watu wenu mapema. Na mtu mmoja awe tayari kuwaonyesha hilo tangi la lita 10,000 kabla gari halijakauka. Mita 180 ni mabomba manane ya mita 25 yakiungwa, kwa hiyo njia hiyo isiwe na sofa na makabati ya watu waliokimbiza vitu. Chagueni leo pahali pa kuweka vitu, mbali na njia.

FundiWaya

Naongezea la stima, kwa sababu huua hata kabla ya moto.

Waya mwembamba bapa unaouzwa kwa bei rahisi, wa milimita mraba 0.5, hubeba kama ampea 3. Pasi ya wati 1,000 kwa volti 240 inavuta zaidi ya ampea 4. Koili ya kuchemshia maji ya wati 1,500 inavuta zaidi ya 6. Unganisha nyumba nane kwenye waya huo na jioni wote wanapika: waya unapata moto ndani ya ukuta, plastiki inayeyuka polepole, na kartoni inashika wakati mmelala. Mahali pa kwanza pa kuungua ni pale waya ziliposokotwa kwa mkono na kufungwa karatasi ya nailoni. Gusa soketi saa mbili usiku kwa nyuma ya kidole: ikiwa ya moto, tatizo lipo tayari. Taa zitumie waya wa 1.5 na soketi wa 2.5, viungo viwe ndani ya kiboksi, na waya usilale juu ya bati, kwa sababu ncha ya bati huukata upepo ukitikisa.

Moto ukishaanza, msivute waya kwa kamba wala kuzirushia mawe. Waya ukikatika ukaangukia bati, safu nzima inakuwa na stima, kwa kuwa mabati yote yameshikana kwa misumari. Anayesambaza anajua alipounganisha. Mwekeeni sharti: swichi kuu moja mwanzoni mwa ploti, mahali panapofikika, na watu watatu wajue kuizima. Hakuna kumwaga maji hadi aliyezima aseme kwa sauti, "Imekatika!"

MuuzaGesi_Reuben

Kuhusu gesi na mafuta.

Mtungi wa kilo 6 wenye kichwa cha jiko juu yake huvuja mara nyingi kwenye mpira wa kuzibia, si kwenye chuma. Paka povu la sabuni. Likitoa mapovu, funga, toa nje. Msitumie kiberiti kukagua, tafadhali. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Hukaa sakafuni, hupita chini ya mlango, na jiko la makaa la jirani linaiwasha. Ndiyo sababu mtungi unaovuja nyumba moja unaweza kuwakia nyumba ya tatu.

Wakati wa moto: mtungi ambao haujapata joto, funga valvu na uutoe. Ukishaguswa na moto, uache, rudini nyuma muondoke kwenye mstari wake. Ukianza kulia kwa mvumo unaopanda, kimbieni. Kikosi cha milango kiulize swali moja tu kwa kila mwenye nyumba: "Mtungi uko wapi?"

Stovu haijazwi ikiwa inawaka, wala ikiwa imezimwa sasa hivi. Na mafuta taa yaliyochanganywa na petroli ndiyo hulipuka mtu akiwasha utambi. Yakinuka petroli, msiyatumie.

Halafu kuna mtaro. Mukuru Sinai, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka bomba kubwa la mafuta, ikafuata mtaro kati ya nyumba, watu wakakimbilia na ndoo na mitungi. Ilipowaka walikufa zaidi ya 100. Mvuke wa petroli hutambaa na kutangulia mbele ya mafuta yenyewe, kwa hiyo aliye mbali na mtaro naye yumo hatarini. Mkisikia harufu kali kwenye mtaro, zimeni majiko yote, msiwashe wala kuzima swichi, na ondokeni kuelekea juu, upande upepo unakotoka. Hakuna kuchota. Njaa inaeleweka, bei inaeleweka, lakini hakuna kuchota.

KatibuWaPloti

Asanteni sana ndugu zangu. BombaRefu, bado la kubomoa. Hapa kwetu kila mmoja anasema nyumba ya mwenzake ndiyo ibomolewe.

BombaRefu

Ndiyo maana lazima liamuliwe wakati hakuna moto.

Kosa kubwa ni kubomoa nyumba inayopakana na inayowaka. Mkiwa bado mnang'oa paa, moto umeshafika, na mbao mlizoangusha zinakuwa kuni. Fanyeni zoezi: siku kuna nyumba inayojengwa upya, watu sita waibomoe huku mmoja akishika saa. Tuseme imewachukua dakika 10. Kama moto unakula nyumba moja kila dakika mbili, basi anzeni nyumba ya sita au ya saba mbele, upande upepo unakoelekea. Inauma kuibomoa nyumba ambayo haijashika, lakini hesabu haina njia nyingine.

Upana: pengo la nyumba moja ni kama mita 3, na upepo ukilaza mwali linarukwa. Lengeni upana wa nyumba mbili, mita 6. Mkiwa na uchochoro hapo tayari, uongezeni upana. Ni rahisi kuliko kufungua pengo jipya.

Mpangilio: watu kwanza, kisha mtungi wa gesi, kisha godoro, kwa sababu sponji huwaka vibaya na moshi wake ni sumu. Msihangaike na misumari ya paa. Kateni nguzo za pembe kwa msumeno karibu na ardhi, tieni kulabu kwenye boriti, vuteni nyumba yote ilale. Mbao zibebwe hadi nyuma ya pengo. Zile zisizobebeka zifunikeni kwa mabati yaliyolazwa. Pengo lililojaa mbao si pengo.

Mwenye kauli awe mmoja kila upande wa ploti na naibu wake, majina yabandikwe. Na andikeni makubaliano: nyumba itakayobomolewa kuokoa wengine, nyumba zote 64 zinaijenga. Nyumba yenu ya futi kumi kwa kumi hula mabati 20 hivi ukihesabu kuta nne na paa, pamoja na nguzo na misumari. Landilodi atie sahihi kwa sababu mabati ni yake, mpangaji atie sahihi kwa sababu vitu ni vyake, chifu ashuhudie. Bila karatasi hiyo, mtu atasimama mlangoni kwake na panga, na ana haki ya kuogopa.

DadaWaZamu

La majeraha, kwa kifupi lakini mlishike. Maji safi ya baridi, si barafu, yatiririke juu ya jeraha dakika 20 kamili. Hata kama saa mbili zimepita, bado yanasaidia. Toa pete, bangili na mkanda kabla mwili haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiibandue, kata kuizunguka. Hakuna dawa ya meno, yai, siagi wala mafuta ya kupikia. Funika kwa nailoni safi ya jikoni au leso safi bila kukaza. Mtoto mpoze jeraha lakini mwili mwingine ufunikwe, maana hupoteza joto upesi.

Mwenye masizi puani, nywele za pua zimeungua au sauti imekwaruza, apelekwe hospitali hata kama anatembea na kuongea. Koo linaweza kuvimba na kuziba baadaye.

Na jamani, kufuli. Watoto wanafungiwa ndani kwa nje mama akienda kibaruani. Ufunguo wa pili uwe kwa jirani, na kikosi cha milango kiwe na orodha ya nyumba zenye watoto, wagonjwa na wazee.

RamaniYaMtaa

Mimi nazungumzia asubuhi inayofuata. Watu hurudisha nguzo usiku huohuo, majivu yakiwa bado moto, kwa hofu ya kunyang'anywa kiwanja. Kwa hiyo pimeni sasa: kila nyumba kwa kamba na picha, kutoka alama isiyoungua kama choo cha mawe au nguzo ya stima. Mwenye uhakika wa mpaka wake hakimbilii kujenga gizani. Hapo mnaweza kukubaliana nyumba za pande zote mbili za njia zirudi nyuma nusu mita, na njia yenu inapata mita moja zaidi. Mukuru ilitangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, kwa hiyo ulizeni kwanza mistari ya barabara imepita wapi kabla ya kuchora yenu.

Msikubali upangaji uchukue miezi. Imizamo Yethu, mtaa wa mabati huko Cape Town, Afrika Kusini, moto wa Machi 2017 ulimaliza nyumba zaidi ya 2,000, na baadhi ya waliopisha upangaji upya walikaa muda mrefu mno kwenye vibanda vya muda. Huko Cape Town pia wana kifaa kiitwacho Lumkani kinachopima kasi ya joto kupanda badala ya moshi, ili jiko lisikipigishe kelele bure, na kikilia huamsha vifaa vya nyumba za jirani. Wazo la kuamshana ndilo la kuiga; kwenu firimbi zitatosha.

Mabati yaliyoungua yamepoteza zinki. Yatumieni ukutani kwa muda, si kwenye paa.

KatibuWaPloti

Nimeyanakili yote. Jumapili tuna kikao. Nitaanza na karatasi ya kubomoa, kisha swichi kuu, halafu ufunguo wa kioski. DadaWaZamu, orodha ya watoto nitampa mama mmoja kila safu aiandike, si mimi, kwa kuwa wao ndio wanaojua nani anamfungia nani.

DadaWaZamu

Sawa kabisa. Na waiandike upya kila mwisho wa mwezi, wapangaji wakihama.